Mgeni Asiyekuwa Samweli

Stesheni ya Tabora ilifurika. Treni ya Kigoma ilikuwa imeingia, na abiria waliteremka na madumu ya mawese na viroba vya dagaa, wakiitana na kusukumana. Esperansi alisimama karibu na mlango wa kutokea, gauni lake la kitenge cha manjano limemkaa sawasawa, akimtafuta mtu asiyemjua.

Alikuwa fundi cherehani, na alipanga chumba kwa Bi Advera, muuguzi mstaafu wa mtaa wa Chemchem. Bi Advera alikuwa Bukoba harusini. Alikuwa amemwachia nyumba, mbwa na agizo: "Mpwa wangu Samweli anakuja na treni ya Kigoma. Kijana mrefu, atavaa shati jeupe. Nipokelee."

Kijana mrefu mwenye shati jeupe akatokea, ndevu zimechongwa vizuri, akiangaza macho huku na huku.

"Pole na safari, kaka. Nimetumwa kukupokea."

"Nimeshapoa, dada. Nilidhani nimesahauliwa! Simu imezima tangu Uvinza."

"Mama kasema nisikuache ukapotea."

"Basi nishike mkono."

"Mkono wa nini, mtu mzima na ndevu zako?"

Wakacheka, wakatafuta bajaji. Hakuna aliyeuliza jina. Kila mmoja alidhani anajua mwenzake ni nani.

Kamanda, mbwa wa Bi Advera, alikuwa amefungwa mnyororo karibu na geti. Esperansi alimwogopa kupita kiasi. Sufuria ya ugali alikuwa akimsogezea kwa mpini wa fagio, naye akiwa mbali. Siku hiyo Kamanda aliuvuta mnyororo hadi mwisho, akamramba mgeni mguu. Mgeni aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Astaghfirullah! Maji, dada! Na udongo!"

"Udongo wa nini?"

"Wa kuoshea. Suruali imeshaingia najisi."

Esperansi alimletea, lakini moyoni akajiuliza: Samweli gani huyu?

Umeme ulikuwa umekatika, simu ya mgeni ikabaki imezima. Walikunywa chai kwa karanga sebuleni. Mgeni alimsimulia habari za Ujiji kwa sauti ya taratibu inayokuingia bila kubisha hodi, Esperansi akajikuta anacheka huku amefunika mdomo. Mara moja alimwona akiitazama picha ya Bikira Maria ukutani, kisha akainamisha macho kwenye kikombe.

"Niongeze kidogo, tafadhali," mgeni akasema.

Simu ya Esperansi ikaita. Akaenda kuipokelea jikoni.

"Mwanangu, nimepitiwa kukwambia," ilikuwa sauti ya Bi Advera. "Samweli hakusafiri. Malaria imemlaza, yuko Kigoma kwake."

Esperansi alishika ukingo wa meza. Kutoka sebuleni alimsikia mwanamume yule akiimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwake. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na ufunguo uko sebuleni. Akamwandikia ujumbe Mathias, jirani mwenye bodaboda: *Kuna mwanaume humu ndani simjui. Njoo.*

Mathias hakuja peke yake. Alikuja na kijiwe kizima. Esperansi alisikia geti likifunguliwa kwa kishindo, kisha mtu akalitamka lile neno ambalo yeye hakuliandika.

"Mwizi!"

Walimkokota mgeni hadi uani. Fimbo ya kwanza ilimpata juu ya nyusi, na shati jeupe likalowa damu. Hakupigana. Alikuwa amekinga kichwa kwa mikono, akisema, "Jamani, niulizeni! Niulizeni kwanza!" Mtu mmoja alikuwa ameshaokota tofali.

Hofu ya Esperansi ikageuka upande. Alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Basi akaenda pale ambapo hakuwahi kukanyaga tangu ahamie nyumba ile, akainama mbele ya meno ya Kamanda, akaufungua mnyororo kwenye nguzo, akaushika.

Watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Esperansi alisimama mbele ya mgeni, mnyororo mkononi, mbwa akibweka hadi mate yanaruka.

"Wewe ni nani?" aliuliza huku analia.

"Yaqoub. Nakwenda kwa shangazi yangu, Bi Fakhria, mwenye duka la vitambaa."

"Bi Fakhria wa sokoni?" Mathias alisema kwa mbali, na mkono wenye fimbo ukashuka. "Huyo jana kaniambia anasubiri mgeni kutoka Ujiji."

Walipokuwa wanampandisha kwenye bodaboda apelekwe zahanati, Esperansi alimfuata. "Kwa nini hukusema?"

"Nilipoiona ile picha nilijua nimekosea nyumba," Yaqoub alisema. "Nikajiambia nimalize chai kwanza. Ulikuwa unacheka."

"Kwa hiyo ulinyamaza! Ungekufa, Yaqoub! Ungekufa kwa mkono wangu!" Akarudi ndani, akafunga geti.

Siku zikapita, simu kimya. Esperansi alikosea vipimo vya nguo za watu na usiku alisikia fimbo zikitua. Kisha namba ngeni ikapiga.

"Usikate. Simu yangu ilipasuka siku ile, hii ni ya shangazi. Namba yako nimepewa na Mathias, baada ya kuniomba radhi mara elfu."

"Yaqoub... kidonda?"

"Kinakuulizia kila siku."

"Usinitanie. Naogopa. Sijui nikuombe msamaha au nikugombeze."

"Anza na lolote, ila uje."

Alikwenda. Bi Fakhria, katika buibui lililonukia udi, alimtazama toka juu hadi chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyewaita?"

"Ndiye mimi."

"Na ndiye uliyewafukuza." Bi Fakhria akahema. "Kaa, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Ulyankulu, kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi, kwa mzee Manirambona. Sisi Wakatoliki."

Yaqoub, kovu bichi juu ya nyusi, akasogeza kiti. "Shangazi, nataka unipeleke huko. Nimpose kwa baba yake."

Esperansi akatikisa kichwa. "Hamumjui baba. Aliletwa nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, wakiwakimbia wauaji waliokuja kugonga nyumbani kwao. Mpaka leo mlango ukigongwa hunyamaza kwanza."

"Basi tusimgongee," alisema Bi Fakhria. "Mpigie sasa hivi, ajue nani anakuja."

Akapiga.

"Baba, kuna wageni wanataka kuja. Kijana wa Ujiji na shangazi yake wa hapa mjini. Ni Waislamu. Wanakuja kwa ajili yangu."

Upande wa pili haikusikika hata pumzi. Yaqoub aliufumba mkono wake juu ya wa Esperansi.

"Wanakula nini?" baba akauliza.

"Kila kitu, baba, isipokuwa nguruwe."

Kisha mzee akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka.

"Basi yule nguruwe wa bandani amepona. Waambie waje."