Gari la Sefu na Maji ya Ziwa

Kabla ya mambo haya, Jumapili asubuhi, ukishuka ufukweni Ujiji, ungedhani umefika kwenye josho la ng'ombe. Lakini wanaooga si ng'ombe. Ni magari.

Wenyewe wanayaingiza ziwani mpaka magurudumu yanazama nusu. Wanakunja suruali. Wanasugua, wanacheka, wanataniana. Si magari mapya. Ni magari ambayo mwenye pesa angeyatupa. Lakini yatazame vizuri! Swaibu, muuza simu, ana gari dogo jeupe. Rimu zake zinang'aa kuliko masufuria ya harusi. Taa ya nyuma ilipovunjika, alikata beseni jekundu, akaunda kifuniko kipya. Huwezi kujua mpaka akuambie. Na atakuambia.

Watu hawa hawakufundishwa na mtu. Miaka ya nyuma kipuri kilikuja kwa treni, au hakikuja kabisa. Wakubwa walipita na magari yao, vioo wamefunga, vumbi wakawaachia wengine. Magari ya mitumba yalipoanza kufika, yalikuja na vitabu vya lugha ngeni. Hakuna aliyekaa chini kuwaelezea. Ndiyo, walikosea mengi. Lakini walichonga, wakachomelea, wakaunga, na magari yakatembea. Anayewacheka aje aunde taa kwa beseni kwanza.

Na katika magari yote ya ufukweni, hakuna lililopendwa kama la Sefu.

Sefu ni fundi cherehani. Pikapu yake aliikuta nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wanatagia ndani. Aliifufua kidogo kidogo, jioni baada ya kazi. Aliipaka rangi ya mawese, ile nyekundu yenye njano ndani yake, na tangu siku hiyo Ujiji nzima wanaiita Mawese. Viti alivishona mwenyewe kwa turubai, mshono wa mara mbili, kama koti la bwana harusi.

Jumapili ile Sefu alifungua boneti. Alichota maji ziwani kwa jagi, akaanza kuijaza rejeta, ile inayopoza injini.

"Imekunywa tena?" Swaibu aliuliza.

"Imekunywa. Juzi niliijaza, leo iko chini."

"Lakini maji ni ya ziwa? Usije ukaweka ya bomba, ndugu yangu. Yale yana dawa. Yanaozesha chuma."

"Mimi na bomba wapi na wapi!" Sefu alijibu. "Maji matamu haya. Tumeyanywa tangu utoto."

Mke wake, Saumu, alikuwa amesimama pembeni na ndoo za mawese ya kuuza. Hakucheka.

"Baba Ikram," alisema, "kesho tunapeleka mzigo soko la Kidahwe. Gari hili limechemsha mara ngapi mwezi huu?"

"Joto tu, mama Ikram."

"Joto. Haya. Sikiliza. Mara ya mwisho niliuza mawese jua likizama, wateja wameshaondoka. Bonaventura wa Mwandiga, mnunuzi wa vyuma chakavu, ameniomba gari hili. Likichemsha kesho, nampigia simu aje alibebe. Sitaki maneno."

Sefu alifunga boneti. Alimjua mkewe. Hasemi jambo mara mbili.

Asubuhi walipakia ndoo. Swaibu naye alipanda nyuma. Alisema ana mzigo wa kufuata Kidahwe, lakini kweli alikuja kumlinda rafiki yake. Walipita Mwandiga salama. Kisha barabara ikaanza kupanda.

Sefu alishika usukani kwa mikono yote miwili. Jicho moja lilikuwa barabarani, jingine kwenye mshale wa joto. Mshale ulikuwa katikati. Ukasogea juu. Ukasogea tena.

"Usiniangalie mimi," Saumu alisema. "Angalia mshale wako."

Kabla hawajamaliza kilima, mvuke mweupe ulitoka mbele. Sefu aliegesha pembeni na kuzima injini. Chini ya boneti kulikuwa kunanguruma kama sufuria la makande.

 Saumu alitoa simu kwenye mkoba.

Swaibu aliruka chini na dumu la maji. "Sefu, fungua mfuniko haraka! Tuipoze!"

Sefu alifungua boneti. Alivua shati, akalikunja, akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

"Weee! Toa mkono huo!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Mwanamke mnene mwenye ovaroli la bluu alikuja mbio, koleo mkononi. Alimsukuma Sefu kando kama anayesukuma pazia.

"Mwakeye," alisalimu kwa Kiha, akihema. "Nisamehe kukusukuma kabla ya salamu. Lakini uso ukiungua, salamu utaitikia na nini?"

"Dada, gari linaungua!" Swaibu alilia.

"Gari limezimwa, haliungui. Ungeungua wewe. Yale maji humo ndani yamebanwa. Ukifungua mfuniko yakiwa moto, yanaruka. Nimemwona mtu ngozi ya kifua imebanduka kama ya nyanya. Na wewe, weka dumu chini. Maji ya baridi kwenye injini ya moto hupasua hedi, kile kichwa cha injini. Ukipasua hedi, umeua injini. Kaeni. Tungoje ipoe."

Jina lake ni Yunisi. Kazi yake ni kutengeneza rejeta, kwenye banda lake pale pale kando ya kilima. Alifundishwa na mjomba wake. Miaka ya mwanzo wateja walikuja wakamuuliza, "Fundi yuko wapi?" hali amesimama mbele yao na koleo. Baadhi waliondoka. Magari yao yalirudi yakivutwa kwa kamba.

Walingoja kwa muda mrefu. Saumu bado alikuwa ameshika simu, lakini hakubonyeza. Yunisi aliizunguka Mawese polepole. Aligusa mlango. Alichungulia viti.

"Nani kashona hivi?"

"Mimi," Sefu alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe! Mtu anashona hivi, halafu anaacha moyo wa gari unaoza? Haiwezekani. Kuna jambo."

Alipoigusa rejeta na kuona imepoa, Yunisi alichukua kitambaa kinene. Alisimama kando, akageuza uso, akazungusha mfuniko kidogo kidogo. Kisha alimulika ndani kwa tochi ya simu.

"Njooni muone. Mama, na wewe njoo."

Saumu aliinama. Ndani ya rejeta kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, umeshikana na chuma. Alikaa akiutazama. Kisha akainuka ghafla.

"Huu ndio ukoko wa birika langu!"

"Birika la wapi?" Yunisi aliuliza.

"La nyumbani, Ujiji. Tunachemsha maji ya ziwa. Kila baada ya muda nakwangua chini kwa kisu. Ni huu huu!"

Yunisi alipiga makofi. "Mama kamaliza kazi yangu! Mzee, wewe unaweka maji ya ziwa humu?"

"Ndiyo," Sefu alisema. Damu ilimpanda usoni. "Lakini maji yale ni masafi! Sisi tunakunywa!"

"Unakunywa, na kisha unakwenda haja. Rejeta haina choo, baba. Maji ya ziwa letu yana madini mengi, huyaoni kwa macho. Yakichemka, maji yanapotea hewani, madini yanabaki. Wewe unaongeza mengine. Nayo yanaacha ya kwake. Rejeta ina vijibomba vyembamba. Maji ya moto hupita humo ili yapozwe na upepo. Vikiziba, maji yanapoa wapi?"

"Sasa tukiweka ya bomba?" Swaibu aliuliza.

"Nayo yana madini, na yana dawa. Si ya kuzoea. Maji peke yake yanaleta kutu, hata yawe masafi. Dawa yake ni kulanti, maji maalumu ya rejeta ya dukani. Inazuia kutu na ukoko, na haichemki upesi."

"Ile ya kijani? Kuna mtu anauza kwenye chupa za soda, rahisi sana."

Yunisi alitema mate pembeni. "Huyo anauza rangi ya keki! Wanajua watu hatukuelezwa, ndiyo maana wanatuuzia uongo. Nunua duka linalojulikana, chupa imefungwa, maandishi yake kamili. Soma kama inataka kuchanganywa au la. Ikitaka maji, tumia yaliyochujwa ya betri, yasiyo na asidi. Ukiwa huna, kinga ya mvua safi, uyachuje. Na kulanti ni sumu, ina utamu. Mtoto asiifikie. Wala usiimwage ziwani."

Aliinama tena, akapapasa injini. "Na themostati iko wapi?"

Sefu alimtazama Swaibu. Swaibu alitazama milima.

"Niliitoa mimi, hii na ya gari langu," Swaibu alisema. "Fundi mmoja aliniambia ni ya nchi za baridi. Kwetu joto."

"Nchi za baridi! Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa ipate joto haraka. Ikipata joto, unafunguka, maji yaende kupozwa. Ukiitoa, injini inakula mafuta, inachakaa, na magari mengine huchemsha zaidi. Mlango ukiharibika, weka mwingine. Hung'oi mlango wa nyumba kwa sababu bawaba imelia."

Sefu alikaa kwenye jiwe. Miaka yote alidhani anaipa Mawese kitu bora kuliko vyote. Kumbe kila Jumapili alikuwa anaikaba koo kwa mkono wake mwenyewe. Kilichomuuma zaidi ni upendo wake kugeuka kosa.

Simu ya Saumu iliita. Alikuwa Bonaventura mwenyewe. Kijana wake alikuwa amewaona wamesimama kilimani.

"Mama Ikram, nije na winchi?" Sauti yake ilisikika na wote. "Nina nafasi sasa hivi!"

Wote walimtazama Saumu. Sefu hakuomba. Aliweka kiganja juu ya bodi yenye rangi ya mawese, akasubiri kama mtu anayesubiri jibu la daktari.

Saumu alimgeukia Yunisi. "Dada, niambie ukweli. Hili litapona, au unatupa moyo tu?"

"Mimi si wa kutia watu moyo. Hedi nitaipima kwanza. Ikiwa imepinda au imepasuka, nitakuambia uuze. Ikiwa nzima, gari hili litapanda kilima hiki na mzigo wako."

"Bonaventura," Saumu alisema kwenye simu, "ngoja kwanza. Gari liko kwa daktari."

Walilisukuma mpaka bandani. Ndoo za mawese ziliondoka kwa bajaji, Saumu juu yake. Sefu alibaki. Hakukubali kukaa kwenye benchi. Yunisi aliifungua hedi, akaipima kwa rula ya chuma, akichungulia mwanga chini yake. Alipima tena, upande hadi upande.

"Nzima," alisema. "Una bahati, fundi cherehani."

Aliifungua rejeta ile ya shaba, juu na chini. Vijibomba vingi vilikuwa vimeziba kabisa. Alimpa Sefu ufito mwembamba wa chuma, akamwonyesha namna ya kusukuma bila kutoboa. Mikono ya Sefu ilizoea sindano. Alifanya kazi polepole, kijibomba baada ya kijibomba, na unga mweupe ulidondoka sakafuni kama wa mahindi.

Yunisi alimtazama kwa muda. "Wengine huwa wananitobolea," alisema. "Wewe una mkono."

Hiyo ni sifa. Yunisi hatoi ovyo.

Alirudisha hedi, akafunga rejeta kwa lehemu, akaosha njia za maji ndani ya injini, akaweka themostati mpya, akabadilisha mfuniko uliolegea. Kulanti ikaingia, polepole, ili hewa itoke.

Siku ya soko ilipofika, ndoo zilipakiwa tena. Safari hii Saumu aliongeza magunia ya muhogo, na shemeji yake mnene.

"Mama Ikram, hii ni kesi au safari?" Sefu aliuliza.

"Ni kesi. Endesha."

Kilima kilianza. Sefu alibadili gia. Mshale ulifika katikati, ukatulia. Walipita pale waliposimama. Walipita banda la Yunisi, wakapiga honi, naye akainua koleo bila kugeuka. Walifika juu. Sefu, kwa mazoea, alianza kuegesha.

"Unasimama kwa nini?" Saumu aliuliza.

"Lipumzike kidogo."

"Limekuambia limechoka? Twende, wateja wananingoja."

Alitoa simu, akampigia Bonaventura. "Lile gari halipo tena sokoni," alisema. "Tafuta chuma kingine, baba."

Siku hizi Ujiji, tangu Sefu awaambie maneno ya Yunisi, magari ya Jumapili yanaoshwa kwa ndoo, juu, mbali na maji. Oili na sabuni haziingii tena ziwani ambako watoto wanachota maji ya kunywa. Wengine wamefungua rejeta zao kwa Yunisi. Swaibu amerudisha themostati yake, na anawaeleza watu habari zake kana kwamba aliigundua yeye. Mwacheni. Anaeleza sawasawa.

Asubuhi moja Sefu aliamka, akasikia boneti ikifunguliwa nje. Alitoka mbio akidhani ni mwizi. Alimkuta Saumu, kanga imefungwa kiunoni, ameinamia injini iliyopoa.

"Kulanti iko kwenye alama," Saumu alisema bila kuinua kichwa. "Lakini oili imepungua. Wewe ulikuwa umelala?"