Gauni Jeupe la Tenisi

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alifagia chumba cha bibi yake, fundi cherehani, ndipo aende mazoezi ya tenisi. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Kabatini mlikuwa na gauni jeupe ambalo bibi alilivaa ujanani uwanjani.

"Waliotutangulia walicheza wamevaa magauni ya kuburuza," bibi alizoea kusema. "Langu lilipoishia magotini, watu walisema niko uchi! Leo mnavaa vikaptula, hakuna anayegeuza shingo."

Shule iliandaa maonyesho ya mavazi ya tenisi, ya kale na ya sasa, na bibi alikubali kulitoa gauni lake. Siku hiyohiyo Chiriku alikuwa na mechi, na kaptula yake ilikuwa imepauka. Siku chache kabla, bibi alipokwenda sokoni, Chiriku alishika mkasi, akalikata gauni, akajishonea sketi fupi.

"Gauni langu liko wapi?" bibi aliuliza jioni.

"Nililipeleka kwa dobi lipigwe pasi kwa ajili ya maonyesho. Hajalirudisha."

Bibi alimfuata dobi, jirani yao, akamfokea mbele ya wateja. Mzee wa watu aliapa mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku ile, watu wakaanza kupeleka nguo zao kwingine.

Siku ya mechi, bibi alikuja kutazama. Chiriku alipokimbilia mpira, bibi aliona maua ya buluu kwenye pindo la sketi.

"Maua hayo niliyatarizi mwenyewe," alimwambia wakati wa mapumziko.

Chiriku alitafuta uongo mwingine, akaukosa. "Ni mimi, bibi. Nilimsingizia dobi."

Bibi hakumpiga. Alimshika mkono, wakaiacha mechi, wakaenda moja kwa moja kwa dobi. Chiriku alikiri mbele ya majirani wote huku akilia.

"Nimekusamehe, mwanangu," dobi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. "Lakini wateja wangu utanirudishia wewe?"

Bibi naye aliomba radhi. Baadhi ya wateja walirudi, wengine hawakurudi kamwe.

Njiani kurudi nyumbani siku ile, Chiriku alikuwa akikunjakunja pindo la sketi.

"Mavazi hubadilika, mjukuu wangu," bibi alisema. "Marefu yakawa mafupi, na hakuna aliyeumia. Uongo haubadiliki. Tangu enzi za kuburuza hadi leo, humvua mwenzako heshima ili wewe upendeze."