Mwenye Nyumba Aliyeziona Kura

Kila asubuhi Ivyne alichota maji kwenye bomba la ploti yao ya vyumba vya kupanga pale Kinoo, kisha akampikia mama yake chai kabla mama hajaenda kazini Westlands. Siku ya uchaguzi mama hakwenda kazini. Alikuwa akipekua mkoba, chini ya godoro, hata ndani ya viatu.

"Ivyne, umeona kitambulisho changu? Bila hicho sipigi kura."

Ivyne alitikisa kichwa, roho mkononi. Kitambulisho alikuwa amekificha mwenyewe ndani ya mkebe wa unga.

Jioni iliyotangulia, mwenye nyumba wao, Mzee Wahome, aliwakusanya wapangaji uani. Shemeji yake alikuwa akiwania ubunge. "Ile mashine ya kituo cha kura inasoma vidole," alisema. "Nitaona kura ya kila mtu. Atakayemnyima shemeji yangu, atoe vyombo vyake kesho!"

Ivyne hakupata usingizi. Mama yake si mtu wa kuamrishwa, na Ivyne alishaona akilini masufuria yao yametupwa barabarani. Mama asipopiga kura, aliwaza, Mzee hatakuwa na la kuona.

Sasa mama aliketi kitandani, machozi yakimlengalenga. Ivyne alishindwa kuvumilia. Aliuleta mkebe huku akilia. "Nisamehe, Mama! Tutafukuzwa!"

Mama alikipangusa kitambulisho kwa hasira, kisha akamvuta bintiye karibu.

"Mashine inanitambua tu, nisije nikapiga kura mara mbili. Karatasi ya mbunge, ile ya kijani, haina jina langu. Nitaitia alama peke yangu, mahali pasipochunguliwa, niikunje, niitumbukize sandukuni ichanganyike na za wengine. Atakayepata kura nyingi kuliko wenzake katika eneo bunge letu ndiye atakayetuwakilisha Bungeni. Wahome ataonaje hapo?"

Mama alienda akapiga kura, lakini hofu haikumtoka Ivyne. Kesho yake aliposikia sauti ya Mzee Wahome uani, alijibanza nyuma ya pazia.

"Asanteni sana!" Mzee alisema, meno yote nje. "Nimeona kwenye mashine, nyote mmemchagua shemeji. Hata wewe Mwanzia, kura yako nimeiona."

Mwanzia, fundi viatu wa chumba cha pili, aliinua mikono. Hakuna kidole kilichokuwa na wino wanaopakwa wapiga kura.

"Mzee, mimi nilijiandikisha kule kwetu Machakos. Sikupiga kura popote."

Ua mzima uliangua kicheko. Mzee Wahome alijikohoza, akakumbuka kuwa ana haraka, akaondoka. Ivyne alitoka nyuma ya pazia akicheka kwa nguvu kuliko wote.

Mama hakucheka. Alimshika bega.

"Kura ni siri, mwanangu, na sheria inailinda. Siku nyingine ukiogopa, niambie, usinifiche. Wahome na vitisho vyake vyote hakuweza kuninyang'anya kura yangu. Aliyekaribia ni wewe."