Nisindikize Mpaka Alby

Jua la Desemba kule Stockholm lina tabia ya mgeni mchoyo: halijakaa vizuri, limeshachukua koti, limeaga. Alasiri ile lilikuwa limeshaondoka wakati Callixte anamalizia kajikazi kamoja tu gerejini kwake Tumba. Afunge kompyuta ya mifuko ya hewa kwenye gari lake mwenyewe, kisha akamchukue mkewe Hortense stesheni ya Alby. Taa nyekundu ya mifuko ilikuwa imemganda kwenye dashibodi kama kupe, na kesho gari lilikuwa na ukaguzi.

Kompyuta mpya ya nini, na makaburi ya magari yamejaa? Hii aliing'oa kwenye gari lililobanwa kama chapati.

Gari la Firmin.

Marehemu Firmin waliimba naye kwaya moja. "Sasa ataniimbia peke yangu," Callixte akamwambia Hervé, fundi mwenzake, akacheka mpaka akakohoa. Hervé hakucheka. Hervé, nakwambia, hata ukimtekenya anakuuliza sababu.

Kidude chenyewe ukubwa wake ni sahani ya sabuni. Hukaa kati ya viti viwili vya mbele, kimya, kikisikiliza. Gari likigonga, ndicho kinachoamuru mifuko ifumuke; na kabla ya kuzimika huandika sekunde za mwisho: mwendo, mkanda, breki. Fundi akitaka kukitumia tena, hukifuta kumbukumbu. Kikishafutwa, ajali haikuwahi kutokea.

Mlangoni pakanuka sufu iliyolowa. Perpétue, mjane wa Firmin, alikuwa amesimama na koti lake jeusi, theluji mabegani.

"Papa Callixte," akanong'ona. "Kabla hujakifuta... nisomee kitu kimoja tu."

"Kipi, Mama Perpétue? Kama ameacha salamu?"

"Kama alikanyaga breki."

Hervé akainamisha kichwa. Kila mtu alilijua jambo lile. Kanisani walisema Firmin alijipigiza kwa makusudi kwenye mwamba wa barabara ya Alby, na anayejiua haombewi. Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Watu wakimwona mjane wake walivuka barabara kama wameona ukoma.

Callixte akatazama skrini iliyounganishwa na kidude. Maneno yalikuwa pale, wazi kabisa.

Breki: ilikanyagwa. Mpaka mwisho.

Akisema kweli, mama huyu atakitaka kidude akampelekee pasta. Na kesho ni ukaguzi.

"Haikuguswa," akasema. "Mumeo aliuendea ule mwamba kama bwana harusi, mama."

Akabonyeza.

Futa.

Perpétue hakulia. Uso wake ulizimika tu, kama taa ya ngazini. Akabaki palepale.

Callixte akakifunga kidude kati ya viti, akachomeka waya wa mashine ya kupimia. Sasa, alikuwa na mchezo wake, na wateja waliupenda kweli. Mashine inapoziita kompyuta za gari moja moja ili ione ipi i hai, naye huziita kwa mdomo kama mwalimu wa darasa la kwanza, halafu huziitikia mwenyewe kwa sauti za kuigiza.

"Injini?"

"Niko!" Sauti ya mlevi.

"Gia?"

"Niko!" Sauti ya bibi kizee.

"Mifuko ya hewa?"

Akavuta pumzi aitike.

"Niko."

Hakuitika yeye.

Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka kati ya viti. Bomba la maji lilikuwa likidondoka... ti... ti... likaacha.

"Hervé, wacha ujinga."

"Patron, mimi sijafungua kinywa."

Nyanya yake kule Uvira alimwonya tangu utotoni: maiti usimwite bure. Akikuitikia, mpe kazi upesi, maana asiye na kazi hujitafutia. Na uchague neno! Lakini mcheshi hafi jukwaani. Akapiga paa la gari kofi.

"Haya, Firmin! Kazi yako leo, nisindikize mpaka Alby!"

Perpétue akasogea mpaka sikioni pake.

"Mimi nilimsindikiza Firmin," akanong'ona. "Unajua mpaka wapi."

Akaondoka.

Barabara ilikuwa nyeusi, theluji ikipepea kwenye taa. Callixte alipiga mluzi. Wimbo wa kwaya ulimjia wenyewe, akaumeza.

Ting.

Kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Ting. Ting. Kile kilio cha gari mtu anapokaa bila kufunga mkanda.

Akanyoosha mkono auvute mkanda wa upande wa pili. Ukateleza vidoleni mwake... ukaenda taratibu... ukazunguka kitu chenye kifua.

Kliki.

Kimya. Harufu ya nywele.

"Imetosha, ndugu yangu," akajaribu kucheka. "Asante. Shuka hapa."

"Bado."

Mteremko ukaanza. Mwisho wake, kwenye kona, ule mwamba wa Firmin. Callixte akakanyaga breki. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, akasimama juu yake, akimwita Yesu, akimwita Hortense. Gari halikusikia. Pembeni yake sauti ikauliza, polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza:

"Breki?"

Hakuna aliyeitika.

"Breki?"

Giza. Halafu harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, harufu ya meza yake mwenyewe ya gerejini. Na kwa mbali, kama mtu aongeaye nje ya ukuta, sauti ya Hortense, imekauka kwa kulia:

"Hervé... wanasema alijiua. Nisomee kitu kimoja tu. Alikanyaga breki?"

Hervé akasoma skrini mara mbili.

"Haikuguswa, Mama."

Nilikanyaga! Callixte akapiga kelele. Nilikanyaga, Hortense! Lakini sauti haikutoka. Alikuwa ndani ya kidude, na kidude hakisemi mpaka kiitwe. Basi aniite! Mzaha mmoja tu, Hervé, kama nilivyokuwa nikifanya. Sema "Mifuko?" Neno moja, ndugu yangu...

Lakini Hervé hakuwa mtu wa mizaha. Alipangusa kidole chake kwa kitambaa, akakinyoosha kwenye Futa.