Utepe wa Mti wa Pichi

Haya yalimpata rafiki yangu Kwamboka, mtu asiyejua kutia chumvi.

Alikuwa akimhudumia Bibi Mei, mzee wa Kichina wa ghorofa ya kumi na saba, huko St. James Town, mtaa wa maghorofa ughaibuni. Mchana ule ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa maua. Kwa desturi ya kwao bibi, kila tawi lililochanua hufungwa utepe mwekundu ili upepo usilipige. Mikono ya bibi ilitetemeka, kwa hiyo Kwamboka ndiye aliyeufunga tepe mti wa pichi uliokuwa kwenye chungu.

“Usiache hata tawi moja,” bibi alisema. “Maua yenyewe ni ya siku tatu tu.”

Lakini Kwamboka alikuwa na bintiye Moraa, wa miaka sita, siku hiyo, nywele timutimu. Walipokuwa wakiondoka, Kwamboka alifungua utepe mmoja akambana nao nywele.

“Mama, umeiba!”

“Nyamaza wewe. Mti hauendi kanisani.”

Ndani ya lifti taa zilizimika, lifti ikakwama. Upepo ukavuma humo humo. Chwap! Pigo la kwanza lilimpasua Kwamboka shavu. Akamlalia mwanawe, na mapigo kama ya fimbo yakamshukia mgongoni na mikononi, chwap, chwap, mpaka akasikia damu yake ikidondoka sakafuni.

“Moraa, unaumia?”

“Hapana, Mama. Upepo unakupiga wewe tu.”

Taa ziliporudi, mtoto hakuwa na hata mkwaruzo. Hospitalini, muuguzi alichomoa matumba ya maua ya pichi ndani ya majeraha, kisha akayafunga majeraha yote.

Siku ya tatu Kwamboka alifungua bendeji. Majerahani yalikuwa yameota maua mengine, yamechanua.