Karani, Mpigie Bibi!

Jino la Tunu limetoka. Liko ndani ya kiberiti.

Njiti zimeondolewa zote. Sasa ni nyumba ya jino.

Tunu ana miaka sita. Anakaa Korogwe, kwenye nyumba yenye bati jekundu.

Mama yake ni fundi cherehani. Cherehani yake huimba kutwa. Tiki-tiki-tiki-tiki, trrrr!

Leo saa kumi na mbili jioni, Tunu aling'ata hindi la kuchoma. Hindi nalo likaling'oa jino.

Tangu hapo, Tunu akisema sukari, inatoka thukari. Akisema siafu, inatoka thiafu. Hata siafu wenyewe wasingejitambua.

Bibi yake Tunu anakaa Lushoto, kule juu milimani. Bibi alishasema zamani.

"Jino likitoka tu, nipigie. Maneno ya kurushia jino ninayo mimi. Linarushwa juu ya bati kabla jua halijazama. Usilale nalo!"

"Nikilala nalo je?"

"Jino jipya litaona hakuna haraka. Litakuja likijisikia."

Tunu hataki jino litakalokuja likijisikia. Tunu anataka jino la haraka.

Akachukua kiberiti chake. Akakimbia kwenye chumba cha kushonea. Pata-pata-pata!

Mama alikuwa amepiga magoti. Mikono yake miwili imeshika gauni jeupe. Midomo yake imeshika pini saba.

Ndani ya gauni alikuwamo dada Mwantumu, mteja wa Mama. Jumamosi dada Mwantumu anaolewa. Leo haruhusiwi hata kupumua.

"Mama! Jino limetoka! Tumpigie Bibi thimu!"

"Mm-mm," alisema Mama. Mwenye pini saba mdomoni hasemi zaidi ya hapo.

Mama akaelekeza kwa kidevu. Kidevu kikaelekea sebuleni.

Sebuleni, dirishani, alikaa Karani.

Karani si mtu. Karani ni spika ya mviringo, kubwa kama nazi.

Unamwambia ampigie fulani, naye anampigia. Huna haja ya kushika simu. Baba alimnunua kwa sababu mikono ya Mama haina nafasi.

Majina yote yaliyomo kwenye simu ya Mama, Karani anayo. Yamo kwenye orodha. Karani anaipenda sana orodha yake.

Tunu akachungulia nje. Jua lilikuwa juu kabisa ya mnara wa simu.

"Karani!"

Ting! Taa ya bluu ikawaka. "Karibu. Taja ombi lako."

Tunu alitaka kusema mpigie. Lakini haraka ikameza i.

"Mpige Bibi!"

Karani akafikiri. Taa ikazunguka, zunguu, zunguu.

"Samahani," alisema Karani. "Siruhusiwi kumpiga mtu yeyote. Ombi limekataliwa."

Tunu akabaki mdomo wazi. Pengo likaonekana lote.

"Mimi? Nimpige Bibi? Bibi yangu mimi?"

Tunu akakunja uso. Akapiga mguu chini. Pu!

"Hiyo thi haki!"

Nje, jua likashuka kidogo. Likafika mabegani mwa mnara.

Tunu akavuta pumzi. Safari hii alisema polepole, i na yote.

"Karani. Mpi-gi-e Bibi."

Ting! "Ombi limepokelewa. Nampigia Bibi Shamba."

"Nani?" aliuliza Tunu.

Krii-krii. Krii-krii.

"Haloo!" ilisema sauti nzito ya mwanamke. "Bibi Shamba, afisa kilimo, naongea."

Bibi Shamba hakuwa bibi ya mtu. Alikuwa mkubwa wa mambo ya mahindi. Mama alimshonea sketi mwaka jana.

Lakini mkubwa ni mkubwa. Lazima aamkiwe.

"Thikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sema. Mahindi yenu yana nini?"

"Yameng'oa jino."

"Yameng'oa nini?"

"Jino. Liko kwenye kiberiti."

"Jino la ng'ombe?"

"La kwangu!"

"Ahaa. Hongera sana! Lakini hilo si la idara yangu, mwanangu. Mimi naishia kwenye mahindi. Kwaheri!"

Kwi. Simu ikakatika.

Tunu akakunja uso. Akapiga mguu chini. Pu!

"Hiyo thi haki!"

Nje, jua likashuka tena. Likafika tumboni mwa mnara.

"Karani! Thio Bibi Thamba! Bibi mwingine!"

Ting! "Ombi limepokelewa. Nampigia Bibi Harusi Jumamosi."

"Hapana! Thubiri!"

Karani hakusubiri. Krii-krii, alifanya Karani sebuleni.

Ngiri-ngiri-ngiri! ikajibu simu kwenye chumba cha kushonea. Ilikuwa ndani ya mkoba wa dada Mwantumu.

"Haloo?" ilisema sauti kwenye Karani.

"Haloo?" ilisema sauti hiyohiyo chumba cha pili.

"Bibi," alisema Tunu, "ni wewe?"

"Ndiyo, mimi ni bibi harusi. Wewe nani?"

"Mimi Tunu."

"Tunu yupi?"

"Tunu wa hapa."

Dada Mwantumu akanyoosha shingo mlangoni. Tunu akanyoosha shingo mlangoni. Wakatazamana.

"Kumbe tunaongea kwa simu!" alisema dada Mwantumu. Akacheka. Gauni likasema praaa!

"MM-MM-MM!" alisema Mama.

Tunu akarudi sebuleni kimyakimya. Halafu akakunja uso. Halafu akapiga mguu chini, lakini taratibu. Pu.

"Hiyo thi haki," alinong'ona.

Nje, jua likafika magotini mwa mnara.

Tunu akapanda kiti. Akasogea karibu na Karani, pua kwa taa.

"Karani. Nithikilidhe. Nataka Bibi Yangu. Bibi. Yangu."

Ting! Zunguu, zunguu.

"Hakuna Bibi Yangu kwenye orodha," alisema Karani. "Ombi limekataliwa."

Hapo sasa!

Tunu akaweka mikono kiunoni. Masikio yake yakapata moto.

"Bibi yangu yuko! Anakaa Luthoto! Ana kuku kumi na jogoo mmoja mwidhi! Ananipikia vidhuri kuliko watu wote! Wewe hujala hata thiku moja, Karani, utajuaje?"

"Samahani," alisema Karani. "Tafadhali rudia ombi lako."

"Anavaa thweta ya kijani! Ana maneno ya jino! Yuko!"

"Samahani. Tafadhali rudia ombi lako."

Tunu hakurudia ombi. Tunu alikwenda kushtaki.

Pata-pata-pata!

"Mama! Karani anathema Bibi hayupo! Kwenye orodha yako, Bibi anaitwa nani?"

Mama alikuwa anashona pale palipochanika. Pini sasa zilikuwa kumi na mbili.

"Mm-mm," alisema Mama.

"Hapana? Hapana nini?"

"Mm-mm!" alisema Mama. Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Mm! Mm!"

"Dada Mwantumu, Mama anathema nini?"

"Hata sijui, mdogo wangu. Mimi nimekatazwa kujitingisha."

Tunu akakaa chini mlangoni. Akafungua kiberiti. Jino bado lilikuwamo.

Nje, jua lilikuwa miguuni mwa mnara. Kilibaki kipande tu, kama kipande cha chungwa.

Machozi yakaja. Tunu akayarudisha ndani. Kulia kungechukua muda.

Akafikiri.

Orodha ni ya nani? Ya Mama.

Nani aliandika majina? Mama.

Basi Mama humwitaje Bibi?

Kila Ijumaa Mama huongea na Bibi kwenye simu. Kila Ijumaa huanza vilevile. Huketi vizuri. Husema kwa sauti ndogo, kama mtoto...

"Shikamoo, mama."

Tunu akasimama. Kiberiti kidogo kimponyoke.

Mama ana mama!

Na mama yake Mama ni Bibi!

"Mm-mm," alisema Tunu polepole. "Ma-ma."

"MM!" alisema Mama. Akatikisa kichwa kukubali mpaka kilemba kikalegea.

Tunu akakimbia. Pata-pata-pata! Akapanda kiti.

"Karani! Mpigie MAMA!"

Ting! "Ombi limekubaliwa. Nampigia Mama."

Krii-krii. Krii-krii. Krii-krii.

"Haloo?"

Nyuma ya sauti, jogoo akapiga kelele. Alikuwa anafukuzwa jikoni.

"Thikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu! Hee! Sema tena."

"Thikamoo."

"Alhamdulillahi! Limetoka! La juu au la chini?"

"La juu! Na jua linadhama! Na Karani anathema hupo! Na Bibi Thamba anathema thio idara yake!"

"Taratibu, taratibu. Hao wote tutawasema baadaye. Jua limebaki kiasi gani?"

Tunu akachungulia. "Kama kucha."

"Basi kimbia! Toka nje, simama dirishani. Nitapaza sauti."

Tunu akatoka nje. Dada Mwantumu akatoka nje, gauni limeshikwa na pini upande mmoja. Mama naye akatoka. Akatema pini zote kwenye kiganja.

"Mama!" aliita Mama kuelekea dirishani. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Nyamaza kwanza, kuna kazi."

Mama akanyamaza. Tunu hakuwahi kuona Mama akinyamazishwa. Akakiweka moyoni kitu hicho.

"Tunu, jino liko mkono gani?" aliuliza Bibi.

"Wa kulia."

"Haya. Sema nami."

Bibi akasema kutoka Lushoto. Tunu akasema kutoka Korogwe.

"Paa, paa, pokea.
La dhamani nakupa.
Jipya unithuthie,
jeupe kama tui."

"Rusha!"

Tunu akarusha kwa nguvu zote.

Ko! Koko-ko. Ki.

Jino likatulia juu ya bati.

"Nimelisikia!" alipiga kelele Bibi. "Limefika!"

Jua likazama palepale. Halikungoja hata dakika.

Dada Mwantumu akapiga vigelegele. Gauni likasema praaa, upande wa pili.

"Ah, Mwantumu!" alisema Mama. Safari hii hakuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alisema na mengine.

Usiku ulipoingia, Tunu alilala chali. Ulimi wake ulikuwa unatembelea pengo.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda na simu yake.

"Mama, andika Bibi Yangu kwenye orodha."

"Siandiki. Ni mama yangu. Nimeanza kuwa naye mimi."

Tunu akakunja uso. Alikuwa amelala, kwa hiyo akapiga mguu kwenye godoro. Pu.

"Hiyo thi haki!"

Mama akafikiri. Halafu akaandika, akamsomea.

"Mama Yangu, Bibi ya Tunu."

"Hapo thawa," alisema Tunu.

Akamgeukia Mama.

"Mama, Bibi naye ana mama?"

"Alikuwa naye."

"Alimwita nani?"

"Mama."

"Na huyo mama, naye?"

"Naye alimwita wake Mama."

Tunu akawaza orodha ndefu. Ilianzia kitandani kwake, ikapanda mpaka Lushoto, ikaendelea. Mama, Mama, Mama.

"Karani hajui kitu hicho," alisema.

Ting! Taa ya bluu ikawaka sebuleni. "Samahani. Tafadhali rudia ombi lako."

"Nyamadha, Karani," alisema Tunu. "Watu tunalala."

Zunguu, zunguu.

"Ombi limekubaliwa," alisema Karani.

Taa ikazimika. Tunu naye akalala.

Na juu ya bati jekundu, jino lilikuwa limelala pia.