Mdogo Wangu Alitaja Moto, Nikamwita Mchawi

Nina miaka hamsini na minane, mkazi wa Milanzi, hapa Sumbawanga. Ninayoyasimulia sikutendewa. Niliyatenda!

Watu binafsi waliporuhusiwa kufanya biashara, mimi na mdogo wangu Leonsi tuliuza ng'ombe wa marehemu baba, tukajenga duka. Vitenge, mabati, sabuni, redio... Wateja walitoka hata Muze, kule bondeni.

Siku moja Leonsi akasema, "Kaka, tukate bima. Ya jengo na ya vilivyomo. Moto haupigi hodi."

Nilichukia. Kwetu, anayetaja balaa kabla halijaja, likija huulizwa yeye. Nikamfokea mbele ya wateja, "Unanitabiria moto?"

Akacheka. "Haya kaka, yaishe."

Hayakuisha. Wiki tatu baadaye, mchana wa mvua, radi ikapiga paa. Duka likawaka! Nilitoka mbio, nywele zimeungua. Nikamwona Leonsi akichomoka mlango wa nyuma, amekumbatia kisanduku cha bati.

Mungu anisamehe... Nilipiga kelele, "Ni yeye! Alitaja moto! Dawa zake zimo humo!"

"Mchawi wa radi! Ua!" Watu walikuja na mawe na mipini ya majembe.

"Kaka, waambie! Fungua uone!"

Sikufungua. Nilinyakua mpini, nikawa wa kwanza kumpiga. Jicho lake la kushoto likapasuka. Wengine wakamvunja taya. Damu ikatiririka na maji ya mvua mpaka mtaroni, naye hakukiachia kile kisanduku.

Polisi walimwokoa, wakanikamata. Askari akakifungua mbele yangu. Hirizi? Haikuwemo. Zilikuwamo karatasi za bima! Alikuwa ameikata kimyakimya, kwa majina yetu sote wawili, langu likitangulia.

Nikiwa mahabusu alikuja, taya limefungwa. Hakuweza kusema. Aliomba kalamu, akaandika: "Mwachieni. Ni kaka yangu."

Wakaniachia. Bima ililipa jengo, mabati, vitenge, hata mizani. Duka likasimama upya. Lakini jicho la mdogo wangu nani angelilipa?

Ndugu wasomaji, anayekuonya hakulogi. Fungueni kisanduku kwanza, nawasihi! Mkono ukishapiga, haurudi nyuma.

Mpaka leo, ngurumo zikianza, Leonsi huacha wateja kaunta, hutoka kwenye mvua, husimama katikati ya barabara mikono wazi, ili kila mtu aone hajashika kitu.

Namwita aingie ndani... Haingii.